Nauli mbili kwa siti moja

Jioni ya siku ya kazi, mkazi wa Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliyeko Kariakoo hasimami kituoni kungoja gari la kwao. Anavuka barabara, anatembea kuelekea magari yanakotokea, kituo kimoja au viwili, halafu anadandia daladala linaloingia mjini. Anakaa kwenye siti ambayo mwenzake kainyanyukia hivi punde. Konda akimjia na noti zilizokunjwa katikati ya vidole, anamjibu neno moja: "Nageuza." Konda keshaelewa. Abiria huyu atakwenda na gari mpaka linapoishia, atabaki amekaa huku vijana wakiingilia madirishani na kina mama wakisukumwa mlangoni, kisha atarudi nalo kwao. Atalipa nauli mara mbili kwa siti moja.

Nimegeuza na magari mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimefanya hivyo nikiwa na hela, na nimefanya hivyo nikiwa na buku mbili tu za kunifikisha kesho. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri. Mtu mwenye buku mbili anatoa nauli ya pili kununua nini? Gari ni lilelile, foleni ni ileile, na litafika saa ileile. Haongezi kasi hata kidogo. Tena kapoteza dakika za kutembea kurudi nyuma. Anachonunua ni kujua kwamba leo atafika nyumbani, na kwamba miguu iliyosimama dukani tangu asubuhi itapumzika njiani. Analipia uhakika.

Tangu nilipoliona jambo hili nimekuwa nikilitazama jiji la Dar es Salaam kwa macho mengine. Mijadala yetu ya usafiri imejaa kilomita za zege, madaraja ya juu na idadi ya mabasi yaliyo bandarini. Abiria naye anapoamka alfajiri hajiulizi kilomita. Anajiuliza: nikitoka saa hizi, nitafika? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atapanda daladala, atangoja mwendokasi, yaani basi lenye njia yake maalumu, ataita boda, atakopa anunue kigari au ataamka saa 10 usiku. Tunasema watu wanachagua usafiri. Ukikaa nao kituoni utaona wanachagua njia ya kupunguza wasiwasi, na kila njia ina bei yake.

Tuanze na nauli, kwa sababu hapo ndipo uongo mdogo unapoanzia. Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2019. Desemba 2023 nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Nairobi matatu hupandisha nauli mvua inaponyesha au jioni watu wanapojaa. Abiria anaisikia bei kabla hajapanda, anakasirika, anaamua. Kwetu bei imepangwa, na konda akithubutu kuongeza atagombana na gari zima. Kwa hiyo jioni bei haipandi. Kinachotokea ni kwamba safari inakatwa. Gari lenye ubao wa Gongo la Mboto linatangazwa linaishia Tazara, katikati ya njia. "Mwisho Tazara, jamani, Tazara tu!" Watu wanapanda kwa sababu Tazara ni bora kuliko kubaki Kariakoo. Wakifika wanashuka, wanaanza kupigana upya kugombea gari jingine, na wanalipa tena. Nauli moja imekuwa mbili, si chini ya shilingi 1,200.

Maana yake nauli imepanda karibu maradufu kama ya matatu, tena imepanda bila kutangazwa na bila abiria kujua itapanda siku gani. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kupanga bajeti ya nauli ya 1,200 kila siku kama angeambiwa ndiyo hiyo. Hawezi kupanga bajeti ya nauli ambayo Jumatatu ni ya gari moja, Jumanne ni ya magari mawili, na Jumatano mvua ikinyesha ni buku tatu za bodaboda.

Ni rahisi kumlaumu konda, na trafiki wanampiga faini kwa kukatisha ruti. Lakini mfuate siku nzima uone anavyoishi. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Wanachukua gari alfajiri wakiwa na deni la hesabu, kiasi ambacho mwenye gari anataka kukabidhiwa jioni bila kujali kama kulikuwa na foleni, mvua au msafara wa kiongozi. Juu ya hesabu kuna mafuta, kuna wapiga debe, kuna faini, kuna pancha. Kinachobaki baada ya hayo ndicho chao, wagawane. Na huenda siku hiyo gari limeendeshwa na deiwaka aliyepewa kwa nusu siku, ambaye hata hiyo hesabu anaidaiwa na dereva mwenzake.

Sasa saa 12 jioni kuna abiria tele mjini na barabara ya Nyerere haisogei. Konda akienda mpaka Gongo la Mboto atatumia muda mrefu kwenye foleni, na kurudi atarudi na siti tupu, kwa kuwa saa hizo hakuna wengi wanaokuja mjini. Akigeuzia Tazara atapiga tripu mbili badala ya moja. Kwa mtu anayedaiwa hesabu, hilo si swali la tabia njema. Mwenye gari alishajihakikishia fedha yake kabla jua halijatoka, na dereva akabeba hatari yote ya siku: foleni, mvua, kuharibika kwa gari. Dereva naye anaipunguza hatari hiyo kwa kumtupia abiria. Abiria hana wa kumtupia. Akichelewa kazini anakatwa, na akichelewa mara tatu nafasi yake inapewa mwingine.

Na chini ya abiria huyu yuko mwanafunzi. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, jambo jema ambalo kila mzazi analishukuru. Lakini nani anayeilipa tofauti ya 400? Serikali imeweka punguzo na bili ikaachwa kwa konda. Siti ikikaliwa na mtoto inaingiza 200, ikikaliwa na mtu mzima inaingiza 600, na hesabu ya tajiri haina punguzo la wanafunzi. Ndiyo maana saa 12 asubuhi unasikia "Wanafunzi wawili tu!" na kundi la watoto waliovaa sare linabaki kando, mabegi mgongoni, wakitazama gari la tatu, la nne. Wanajifunza mapema kubembeleza. "Anko, tubebe, tutasimama." Mtoto wa darasa la nne anabembeleza kupanda gari ambalo sheria imempa haki ya kulipanda. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika usafiri wa jiji hili, na lingekwisha siku ambayo fedha ya punguzo ingetoka pale ambapo uamuzi wa punguzo ulitoka.

Tulifikaje hapa? Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaanzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Shirika lilikuwa la umma, na kwa muda lilijitahidi. Kisha ikaja miaka ya uhaba wa mafuta na vipuri, mabasi yakaanza kulala gereji, na jiji likaendelea kujaa. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kujificha, na mwaka 1983 serikali ikakubali kuwapa vibali. Nauli ilikuwa dala, sarafu ya shilingi 5, na jina daladala likatokea hapo. Wazee wanayakumbuka magari ya chai maharage, ambayo abiria walikaa wakitazamana kama watu waliozunguka meza ya chai. Siku hizo ilikuwa ni nafuu kubwa. Lakini pamoja na kazi ya kubeba abiria, kazi ya kuhakikisha gari litakuwepo nayo ilikabidhiwa watu wenye gari mojamoja, kila mmoja akiangalia hesabu yake. Jiji hilo lilikuwa na watu milioni 1.36 katika sensa ya 1988. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na kwa sehemu kubwa ya jiji mpango bado ni uleule.

Mwendokasi ulikuja kuvunja mpango huo, na kwa muda uliuvunja kweli. Mabasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, njia ya kilomita zipatazo 21. Nawakumbuka watu wa Kimara wa mwaka ule. Walikuwa wakizungumza kama wagonjwa waliopona. Mtu aliyezoea kutoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri alikuwa anatoka saa 12 na anafika Posta kabla ya bosi wake. Aliyezoea kukuta watoto wamelala alianza kula nao chakula cha usiku. Jiji likashinda tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na halikupewa kwa upendeleo. Njia ile ilistahili.

Lakini tazama kilichojengwa na kilichoachwa. Njia maalumu inampa abiria kasi akishakuwa ndani ya basi. Uhakika wa kupanda hilo basi unatoka kwingine: kwenye idadi ya mabasi, matengenezo, madereva wa kutosha, na mtu anayewajibika basi lisipokuja. Mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji mabasi zaidi ya 300. Huduma ilianza na 140, chini ya mwendeshaji wa mpito, na huo mpito ukageuka kuwa miaka. Karakana ikawekwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mkazi wa Magomeni angekuambia maji hupita. Mvua za masika zikaja na maji yakapita, mabasi yakaharibika, na barabara yenyewe ikafungwa siku za mafuriko makubwa. Mabasi yakapungua, watu wakaongezeka. Foleni iliyokuwa barabarani ikahamia kituoni. Basi lenyewe linakwenda kasi, na abiria anasimama Kimara akihesabu dakika ambazo njia maalumu haiwezi kumrudishia.

Na hapa kuna jambo ambalo wapangaji hawalizungumzi vya kutosha. Mwendokasi ulipoanza, daladala ziliondolewa kwenye njia hiyo. Kimahesabu ni sawa, huwezi kuwa na mabasi makubwa yakigombea abiria na vipanya. Lakini ukiondoa mbadala wa mtu, umechukua jukumu la kumfikisha. Zamani gari moja likikosekana kulikuwa na mengine thelathini yanayogombana. Sasa mfumo mmoja ukipiga chafya, ukanda mzima wa Barabara ya Morogoro unaugua. Kule Mbagala ilitokea kinyume chake lakini somo ni lilelile: zege lilimwagwa, vituo vikajengwa, na njia ikakaa bila mabasi hadi mwaka 2025, huku daladala zikibanana pembeni ya barabara tupu iliyojengwa kwa fedha za mkopo. Tunajua kujenga. Mkataba wa ujenzi una tarehe, una mhandisi mshauri, una adhabu ya kuchelewa. Basi linalotakiwa kupita kila baada ya dakika chache halina mtu anayelisimamia kwa ukali huo.

Pale ambapo umma umeshindwa kuuza uhakika, wapo waliojitokeza kuuza. Bodaboda ni biashara ya uhakika kabla ya kuwa biashara ya pikipiki. Yuko kijiweni mlangoni kwako, anakufahamu kwa jina la mwanao, anajua uchochoro unaotokea nyuma ya msikiti, anapita katikati ya malori. "Mama Asha, panda, dakika kumi uko Mwenge." Na kweli dakika kumi uko Mwenge. Kwa wakazi wa Kivule, Goba ndani au Msongola, ambako gari halifiki au mvua ikinyesha halithubutu, boda ndiyo barabara yenyewe. Mjamzito anaumwa uchungu saa 8 usiku, anayeitwa ni kijana wa boda, na anakuja.

Bei ya uhakika huo inalipwa kwa mifupa. Nenda Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili uwaone vijana waliolala na vyuma miguuni, na abiria waliokuwa wanawahi kazini. Kijana wa boda naye ana hesabu, au ana mkataba wa kulipa kila siku mpaka pikipiki iwe yake, na kila taa nyekundu anayoisubiri ni kichwa kimoja alichokosa. Hatari ileile iliyoteremka kwa dereva wa daladala imeteremka kwake, ila yeye hana bodi la gari la kumkinga. Tunampa mafunzo ya usalama barabarani, tunamkamata, tunamuachia, na hatuuzungumzii mkataba unaomfanya akimbie.

Mwenye kipato kilichozidi kidogo ananunua IST, kigari kidogo cha Toyota. Naelewa kabisa. Anakopa kwenye benki au anachukua fedha ya kikoba, na kwa mara ya kwanza maishani anaondoka nyumbani saa anayotaka, mvua haimgusi, na mtoto analala kiti cha nyuma. Baadhi yao asubuhi wanapakia watu pale Mbezi, "Posta buku mbili, mmoja tu," na hao wanaopakiwa wanalipa zaidi ya mara mbili ya nauli kwa sababu ileile ya yule anayegeuza na gari. Lakini kila IST inayoingia barabarani inarefusha foleni ya daladala lenye watu 40, na daladala likichelewa zaidi abiria wake wawili watatu wanaanza kufikiria mkopo wa IST. Tumejenga makutano ya juu ya Tazara mwaka 2018 na ya Ubungo mwaka 2021, na yamesaidia. Nakumbuka Ubungo ya zamani ambapo nusu saa ilikuwa ni bahati. Lakini madaraja hayo yanampunguzia mwenye gari dakika zake. Hayamhakikishii asiye na gari kwamba kutakuwa na chochote cha kupanda.

Kuna watu ambao hata hilo la kununua haliwezekani kwao. Asubuhi pale Feri, wanunuzi wa jumla wakishachukua samaki wakubwa, kina mama wananunua vibua na dagaa kwa ajili ya kukaanga na kuuza Manzese, Tandale, Buguruni. Kila mmoja ana ndoo. Ndoo inatoa maji, ina harufu, na hakuna chombo cha usafiri jijini kilichopangwa kwa ajili yake. Boda haibebi mtu na ndoo mbili. Basi la mwendokasi halikutengenezwa kwa mizigo ya namna ile. Konda wa daladala anaitoza ndoo nauli, au anaikataa kwa kuwa abiria wengine watalalamika, na akikubali anataka ikae chini ya siti za nyuma na mama ashike mfuniko kwa miguu. Nimewaona wakichanga watatu wanne wakakodi bajaji, ndoo zikapangwa nyuma, mmoja akakaa juu ya mapaja ya mwenzake. Faida ya kibua imekwisha kabla moto haujawashwa. Mama huyu akikosa usafiri kwa saa mbili, samaki hawamngoji kama barua ofisini. Katika mikutano ya kupanga usafiri wa jiji sijasikia ndoo ikitajwa, wakati jiji hili linakula mchana kutokana na ndoo hizo.

Wapo pia wanaotembea. Ni wengi, na wanatembea kwa sababu miguu ndiyo chombo pekee kisichokatisha ruti. Kutoka Tandale hadi Kariakoo kwa mguu ni saa moja na zaidi, na mtu anayejua kwamba itakuwa saa moja na zaidi kila siku anaweza kupanga maisha yake. Tunachompa ni mfereji ulio wazi, gari lililoegeshwa njiani na kivuko cha zebra ambacho anavuka akiomba dua.

Uamuzi huu wote mara nyingi ulianza mbali na kituo, siku mtu aliponunua kiwanja. Bei ya ardhi karibu na mjini imewasukuma watu Chanika, Madale, Kibada, Mbopo. Dalali alisema "dakika tano kutoka lami," na kweli ni dakika tano kwa boda siku ya kiangazi. Mtu kajenga, kahamia kabla hata ya kupiga plasta, na sasa ana nyumba yake na saa 4 za barabarani kila siku. Ninawajua majirani waliorudi kupanga chumba Sinza siku za kazi na kwenda kwenye nyumba zao Ijumaa jioni. Wana nyumba mbili kwa sababu hawana usafiri mmoja wa kuaminika. Manispaa inapopima viwanja elfu moja pembezoni bila kusema basi litapita wapi, imeshawaamulia watu elfu moja watasafirije kwa miaka 30.

Ninachokiona kama njia ni hiki. Umma uache kuuza ruti na uanze kununua safari. Leo mwenye gari anapewa leseni ya ruti na anaachiwa atafute abiria. Fedha yake inatoka kwenye kujaza watu, ndiyo maana anangoja gari lijae, ndiyo maana anakata ruti, ndiyo maana anamkwepa mwanafunzi. Mlipe kwa kilomita alizozunguka kwa ratiba. Nauli ikusanywe kwa kadi na iende kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo umlipe mwendeshaji kwa safari alizotimiza, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, gari liwe limejaa au lina watu watano. Dereva na konda wawe na mshahara. Hapo mwanafunzi anakuwa abiria kama mwingine, kwa kuwa konda hapati kitu kwa kumkataa. Wazo la mwendokasi tangu mwanzo lilielekea huko, halikufikishwa. Na halihitaji zege. Linaweza kuanza na ruti moja ya daladala, tuseme ya Gongo la Mboto, na wamiliki waliokubali kuungana.

Nitaulizwa fedha iko wapi, na swali ni la haki. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini inatozwa tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Tunakubaliana kwamba barabara ikiachwa itaharibika, kwa hiyo tunailipia kila mwaka. Sioni kwa nini basi linalopita juu ya barabara hiyo lisistahili hata sehemu ndogo ya fikra hiyo. Tena, fedha tayari inatolewa. Inatolewa na anayegeuza, anayekatiwa ruti, anayelipa buku mbili kwenye IST ya mtu, anayekodi bajaji kwa ajili ya ndoo. Inatolewa na maskini, kila siku, bila risiti.

Nitaambiwa pia kwamba UDA ilishindwa. Ilishindwa, na wanaoikumbuka wana haki ya kuogopa shirika jingine la umma lenye mabasi yaliyopandishwa juu ya matofali. Lakini UDA ilimiliki mabasi, ikayaendesha, ikayatengeneza na ikajikagua yenyewe. Ninachokisema ni umma kuwa mteja mkali: mabasi ni ya watu na kampuni zao, na anayeshindwa kuleta basi kwa wakati halipwi. Na ili mteja awe mkali inabidi awe na kipimo. Kipimo hicho ni dakika za kungoja. LATRA, DART (wakala wa mwendokasi) na manispaa zinaweza kuanza wiki hii bila mkopo wa nchi yoyote: watu wenye saa na daftari wasimame Kimara, Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto na Bunju kuanzia alfajiri, waandike abiria amefika saa ngapi na amepanda saa ngapi, wangapi wamekataliwa wakiwa na sare za shule, magari mangapi yamegeuza kabla ya mwisho. Matokeo yabandikwe kituoni kila mwezi, mahali ambapo sasa pamebandikwa matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga.

Wakihitaji watu wa kujitolea kwa kituo chetu, nipo. Nafika pale saa 11 na nusu kila asubuhi, na kwa kawaida nina muda wa kutosha wa kuandika kabla gari halijaja.